Njia Isiyo na Mkubwa: Unyanyembe, Mirambo na Muundo wa Madola

Msafara uliotoka Bagamoyo katika miaka ya 1860 ulitembea miezi mitatu, pengine minne, kabla wapagazi hawajatua mizigo Tabora. Kila mpagazi alijitwika karibu kilo 30: majora ya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, baruti. Walikata Usagara, wakafika Mpwapwa, wakavuka Ugogo penye shida ya maji, wakapenya pori la Mgunda Mkali, wakatokea Tura kwenye mlango wa Unyamwezi. Walipita nchi za watemi wengi, na kati yao hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa mkubwa wa wenzake. Bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja ilitangulia misafara mingi, lakini Sultani hakuwa na boma Ugogo wala kadhi Mgunda Mkali. Hata hivyo misafara ilifika. Mwaka nenda mwaka rudi, pembe za ndovu zilishuka pwani na nguo zikapanda bara.

Iliwezekanaje? Swali hili ndilo kiini cha somo la mahusiano ya kimataifa. Wanazuoni wa somo hilo huuliza: pale ambapo watawala wengi wanaishi pamoja na hakuna aliye juu yao wa kuwaamua, ni nini kinachowapanga? Jibu lao mashuhuri ni muundo. Lakini wanapotafuta mifano huenda Ugiriki ya kale, au Ulaya baada ya mikataba ya Westphalia ya 1648, au vita baridi. Ninaamini mfano ulio bora zaidi uko kwetu, kwenye njia hii ya Tabora, na kwamba unaonyesha mambo ambayo mifano ya Ulaya huyaficha.

Mtu aliyelipa neno muundo uzito ni Mmarekani Kenneth Waltz, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu nadharia ya siasa za kimataifa. Alisema tusipoteze muda kuchungua tabia ya kila mtawala, kama ni mkali au mpole, mwerevu au mjinga. Tutazame namna walivyopangwa. Je, yupo mkuu juu yao au hayupo? Je, kila mmoja anafanya kazi zilezile za utawala, au wamegawana kazi? Na je, nguvu zimegawanyika vipi kati yao? Ukishajua hayo, utajua kwa nini watawala wasiofanana kabisa huishia kutenda yaleyale: wanajilinda, wanaogopana, wanamwegemea mmoja ili kumzuia mwingine. Waltz alichukua wazo hilo kwa wachumi, wanaosema bei ya sokoni hutokana na wauzaji na wanunuzi wote ingawa hakuna aliyekaa kuipanga, kisha bei hiyohiyo inamtawala kila mmoja wao. Nyuma yake yuko pia Mfaransa Émile Durkheim, aliyefundisha kwamba mambo ya jamii yana nguvu ya kumbana mtu kutoka nje, kana kwamba ni vitu.

Tulipime wazo hilo Ugogo. Msafara unapiga kambi karibu na visima. Kiongozi wake anamtuma mtu kwa mtemi kuulizia hongo, yaani ushuru wa kupita. Mtemi hana haraka. Anaweza kunyamaza siku moja au mbili, kwa kuwa kila jua linalokuchwa wageni wanakunywa maji yake na kununua nafaka za watu wake. Kisha anataja idadi ya doti, na doti moja ni yadi nne za nguo. Wageni wanalalamika, wanapunguza, wanaongeza. Inatengwa nguo nzuri ya mtemi mwenyewe, nyingine ya mkewe, nyingine za wazee wa baraza. Hongo ikishapokewa, msafara unaruhusiwa kuondoka, na mtemi anayefuata anangoja mbele. Msafara wenye bunduki 300 ungeweza kujaribu kupita kwa nguvu. Lakini visima havichukuliki mgongoni, Wagogo walikuwa wengi na hodari wa mikuki, na msafara wa mwaka ujao ungelipa deni la damu ya mwaka huu. Mtemi naye alijua kwamba akikaza kamba kupita kiasi, wafanyabiashara wangetafuta njia nyingine. Basi kila upande ukampima mwenzake, na bei ya amani ikapatikana bila hakimu.

Waltz angefurahi kuliona hilo. Ila kuna jambo ambalo vipimo vyake vitatu havilishiki. Hongo ilikuwa desturi. Aliyelipa na aliyelipwa wote walielewa kwamba ni haki ya mwenye nchi kupewa kitu na anayekanyaga ardhi yake na kuteka maji yake. Ugomvi ulikuwa juu ya kiasi, mara chache juu ya haki yenyewe. Mwaka 1977, miaka miwili kabla ya Waltz, Hedley Bull wa Australia alitoa kitabu kilichodai kwamba madola yasiyo na mkuu yanaweza kuwa jumuiya yenye kanuni zake. Kwa maoni yangu Bull yuko karibu zaidi na ukweli wa Ugogo. Nguvu peke yake haielezi kwa nini mtemi mwenye watu wachache aliheshimiwa na msafara mkubwa.

Unyanyembe, utemi wa Kinyamwezi ilipo Tabora, palikuwa na ugumu wa aina nyingine. Waarabu wa Unguja na Oman walijenga makao ya kudumu pale mnamo 1852, mahali walipopaita Kazeh, kisha Tabora. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipowasili tarehe 7 Novemba 1857, walikuta mji wenye matembe mapana, bustani, na wenyeji wakarimu. Aliyewapokea alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara msomi aliyempa Burton habari nyingi alizokuja kuziandika. Mwenye nchi alikuwa mtemi Fundikira. Burton anaeleza kwamba Fundikira mwenyewe alikuwa safarini kuelekea pwani pamoja na wapagazi alipopata habari kwamba baba yake amefariki, akarudi kuurithi utemi. Alikuwa mtu wa njia kabla hajawa mtu wa kiti.

Fundikira na Waarabu waliishi kwa kuoana na kupeana nafasi. Muhammed bin Juma al-Murjebi, baba yake mfanyabiashara Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti ya Fundikira, na ukwe huo ukamfungulia milango ya biashara ya pembe. Tippu Tip ameyaeleza mambo ya Tabora ya wakati ule katika tawasifu yake, mojawapo ya tawasifu za mwanzo kabisa za Kiswahili. Hapa ndipo nadharia ya Waltz inapopata taabu. Yeye anaona kila dola limezungushiwa ukuta wake, lina mamlaka yake, na linafanya kazi sawa na jirani yake. Tabora palikuwa na mamlaka mbili juu ya ardhi moja: mtemi aliyeamua mambo ya ardhi na watu, na Waarabu waliomtii liwali wa Sultani, tena walitii pale tu walipopenda. Mwaka 1983 John Ruggie alimkosoa Waltz kwa hoja ya namna hiyo, akitumia Ulaya ya zama za kati, ambako mfalme, kabaila na kanisa walitawala watu walewale. Angekuja Tabora angepata mfano ambao wazee walikuwa bado wanausimulia.

Fundikira alifariki mwaka 1858. Aliyemrithi, Manwa Sera, alikuwa na fikra nyingine kuhusu wageni. Aliwatoza ushuru juu ya mali zilizoingia nchini. Kwa mtazamo wake alikuwa akifanya yaleyale ya watemi wa Ugogo, kudai haki ya mwenye nchi. Kwa Waarabu ilikuwa kuvunja mapatano waliyoyazoea chini ya Fundikira. Walimwondoa kwa silaha mnamo 1860 na kumtawaza Mkasiwa, mtu wa ukoo huohuo ambaye hakuwa na nguvu za kuwapinga. Muhammed bin Juma, mkwe wa utawala, alikuwa upande wa Mkasiwa.

Manwa Sera hakukubali. Aliingia porini na wafuasi wake, akaikaba njia ya mashariki. Mwaka 1861 Speke alikuwa akirudi bara kwa safari yake ya pili, na mtemi huyo aliyefukuzwa alikwenda kumwomba amsemee kwa Waarabu. Speke alijaribu, suluhu ikashindikana. Snay bin Amir, yule mwenyeji mkarimu wa Burton, aliuawa katika vita hivyo. Manwa Sera aliendelea kupigana hadi 1865, alipokamatwa na kukatwa kichwa.

Waarabu waliamini kwamba tatizo lao lilikuwa mtu. Mtu akaondoka, tatizo likabaki. Katika kitabu chake cha awali cha 1959, Waltz aligawa maelezo ya vita katika ngazi tatu: tabia ya binadamu, hali ya ndani ya dola, na hali ya madola kukosa mkuu. Waarabu wa Tabora walitibu ngazi ya kwanza. Lakini nadhani walifanya zaidi ya kukosea tiba. Waliugeuza muundo wenyewe bila kujua. Mpaka pale, mtemi alipata heshima kwa kuwa mtemi. Baada ya Manwa Sera, kila kijana wa ukoo wa kitemi kutoka Uyowa hadi Ukimbu alijua kwamba mtemi asiye na bunduki zake mwenyewe anaweza kubadilishwa na wafanyabiashara kwa mwezi mmoja. Kanuni iliyoshikilia njia ilikuwa imevunjwa na watu walioihitaji kuliko wote.

Kati ya walioelewa somo hilo alikuwamo Mirambo. Alizaliwa karibu na mwaka 1840 katika ukoo wa watemi wa Uyowa, magharibi ya Tabora. Utemi wake wa urithi ulikuwa mdogo, lakini nchi yake ilikaa karibu na njia ya kwenda Ujiji, na huo ulikuwa mtaji mkubwa kuliko ng'ombe. Tangu miaka ya 1840 Wangoni walikuwa wamepanda kutoka kusini, na tawi lao la Watuta lilisogea hadi Unyamwezi likiwa na mbinu mpya za vita: vijana wanaoishi pamoja kama kikosi, wanaotembea usiku na kushambulia alfajiri. Mirambo aliungana na Watuta, akajikusanyia ruga-ruga wake mwenyewe, vijana wapiganaji ambao wengi wao hawakuwa na ukoo wa kurudia, akanunua bunduki kwa pembe. Utemi baada ya utemi ukaingia mkononi mwake. Makao yake makuu yakawa Urambo, kwenye ngome ya Iselamagazi.

Henry Morton Stanley aliingia Tabora Juni 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Dk. Livingstone. Alikuta mji umejaa hasira. Anasimulia kwamba msafara mmoja uliokuwa ukienda Ujiji ulizuiwa na Mirambo, akadai mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Wenye msafara walijadiliana naye, wakalipa kila kitu. Walipomaliza kulipa, wakaambiwa hakuna msafara wa Kiarabu utakaopita tena katika nchi yake ila juu ya maiti yake. Tuilinganishe hongo hii na ile ya Ugogo. Kule mtemi alipokea na kufungua njia. Hapa hongo ilichukuliwa na njia ikafungwa. Na vitu vilivyodaiwa havikuwa tena nguo za mke wa mtemi na za wazee wa baraza. Baruti na bunduki zilitangulia.

Thucydides, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, alieleza kwamba vita kati ya Athens na Sparta vilitokana hasa na kukua kwa Athens na hofu iliyoingia Sparta. Wanafunzi duniani kote hukariri mfano huo. Wangeweza kusoma ule wa Unyanyembe. Hofu ya Waarabu ilitokana na kukua kwa Urambo. Hofu ya Mirambo ilitokana na kile kilichompata Manwa Sera, na Waarabu walikuwa wakifanya urafiki na maadui zake. Kila upande ulijiona unajilinda. Kila ngome aliyoijenga mmoja ilimwambia mwenzake kwamba anajiandaa kushambulia.

Mapema Agosti jeshi la Waarabu, pamoja na watu wa Stanley, lilitoka kumkabili. Wakavamia kijiji kimoja cha Mirambo, wakakiteka, wakabeba pembe na watumwa. Katika kurudi, Mirambo akawavizia nyasini na kuwaua wengi. Waliosalia wakakimbilia Tabora. Tarehe 22 Agosti 1871 Mirambo mwenyewe alikuwa kwenye viunga vya mji. Khamis bin Abdallah, mmoja wa Waarabu wakubwa, alitoka kumkabili akiwa na watu wachache, akauawa. Nyumba nyingi ziliungua. Mirambo hakuushika mji. Alirudi nyuma akaishika njia, na hilo lilikuwa na faida zaidi. Stanley alilazimika kuzunguka kusini, kupitia Ugunda na Ukonongo kisha Uvinza, ndipo Novemba akamkuta Livingstone pale Ujiji. Ule mkutano unaosimuliwa kila mahali ulichelewa kwa sababu mtemi mmoja wa Kinyamwezi alikuwa amefunga njia.

Vita viliendelea miaka kadhaa. Sultani Barghash alituma askari kutoka Unguja, wakaja, wakala vyakula vya Unyanyembe, na hawakummaliza Mirambo. Bei ya kila kitu Tabora ilipanda. Watu wa kawaida walilipa kwa mashamba yaliyotelekezwa na kwa watoto waliouzwa, na haifai kusimulia siasa za wakubwa hawa bila kutaja hilo. Ruga-ruga wa Mirambo waliteka watu. Waarabu walinunua na kuuza watu. Muundo wa nguvu ninaouzungumzia ulijengwa pia juu ya migongo yao.

Kufikia 1876 pande zote zilikuwa zimechoka, na amani ya namna fulani ikarudi. Aprili mwaka huo Stanley, aliyewahi kupigana na Mirambo, alipita tena Unyamwezi akitokea Buganda. Mirambo alimtumia ujumbe wa kutaka urafiki, wakakutana Serombo. Stanley alitegemea kuona jambazi, akamkuta mtu mtulivu, mpole wa maneno, ambaye hakuwa na hata chembe ya majivuno. Usiku wakafanya udugu wa kuchanjiana. Kiongozi wa wapagazi wa Stanley, aliyeitwa Manwa Sera kwa jina sawa na yule mtemi marehemu, aliwakalisha wakitazamana, akamchanja kila mmoja mguu wa kulia, akaichanganya damu ya huyu na ya yule, akatamka laana kwa atakayevunja udugu.

Mwaka 1992 Alexander Wendt aliandika makala maarufu kumpinga Waltz. Hoja yake ni kwamba kukosekana kwa mkuu hakulazimishi uadui. Bunduki 500 za rafiki hazitishi kama bunduki tano za adui, na rafiki au adui ni jambo ambalo watu wenyewe hulijenga kwa kutendeana. Muundo na watu huumbana, hakuna kilichomtangulia mwenzake. Ukitazama usiku ule wa Serombo, Wendt anaonekana kuwa sahihi. Idadi ya bunduki haikubadilika kati ya jioni na asubuhi. Kilichobadilika ni nani ni nani kwa nani.

Ila Mirambo hakuwa mtu wa kuchanjwa bila hesabu. Alihitaji njia ya kufika pwani isiyopitia mikononi mwa Unyanyembe, na alihitaji Wazungu wawe mzigo upande wa pili wa mizani dhidi ya Waarabu. Aliandikiana na Dk. John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza kule Unguja. Mwaka 1879 alimkaribisha Urambo daktari Ebenezer Southon wa Jumuiya ya Misheni ya London. Haya yote Waltz angeyatabiri. Kwa hiyo mtu anayetaka kuchagua kati ya wanazuoni hawa wawili hatapata msaada kwa Mirambo, aliyetumia damu na hesabu kwa pamoja.

Mashariki na kusini mwa Tabora, ndugu wa ukoo wa kitemi wa Unyanyembe, Nyungu ya Mawe, alichukua njia tofauti. Baada ya kuanguka kwa Manwa Sera alihamia Ukimbu na kujenga dola lake akiwa na makao Kiwele. Mirambo alitawala kwa nafsi yake, akiwaacha watemi walioshindwa au ndugu zao wakae vitini. Nyungu aliweka juu ya watemi wadogo wakuu wake wa majimbo, waliopokea amri kwake na kumpelekea pembe zote. Aliwagawia watu kazi na kuziweka ngazi za utii. Alipokufa, dola lake lilimpokea Mgalula, mwanamke, likaendelea. La Mirambo lilianza kubomoka chini ya mrithi wake Mpandashalo. Wanadharia wanasema penye mkuu kazi hugawanyika. Nyungu alilijua hilo bila kusoma kitabu, na nashangaa kwamba jina lake halitajwi zaidi.

Mpaka hapa nimesimulia kana kwamba muundo wote ulikuwa kati ya Ugogo na Ujiji. Haukuwa. Abdul Sheriff, mwanahistoria wa Zanzibar, ameonyesha kwamba katika karne ya 19 bei ya pembe ilizidi kupanda huku bei ya nguo za kigeni ikisimama au kushuka. Pembe za Unyamwezi zilikuwa funguo za piano, vitana na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani. Merikani yenyewe ilifumwa viwandani Massachusetts, na meli za Salem zilikuwa zikija Unguja tangu kabla ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, nguo za Waingereza na za India zikaingia nafasi yake. Mtemi wa Ugogo akipokea doti mbaya kuliko za zamani hakuwa na namna ya kujua kwamba sababu iko Marekani. Waltz anazungumzia soko kwa mfano tu. Tabora soko lilikuwa siasa yenyewe: pembe ilileta bunduki, bunduki ikaleta utemi, utemi ukaleta pembe zaidi, na aliyepanga bei hakuwahi kukanyaga Mgunda Mkali.

Walter Rodney aliliona hilo akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu chake cha 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichochapwa na Tanzania Publishing House, kinahusu muundo mkubwa kuliko wa Waltz: ule unaopanga nani azalishe nini na faida iishie wapi. Ninakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Ninachoongeza ni kwamba watu wa Tabora hawakusukumwa tu na muundo huo. Fundikira, Manwa Sera na Mirambo waliufinyanga upande wao, kila mmoja kwa namna yake, mpaka ulipowashinda.

Uliwashinda ghafla. Mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa wakiitumikia jumuiya ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, waliuawa kwenye mapigano ambamo majeshi ya Mirambo yalishiriki. Kirk akamgeuzia mgongo. Mirambo akafariki tarehe 2 Desemba 1884, na Nyungu ya Mawe akafariki mwezi huohuo. Mkutano wa Berlin ulikuwa umefunguliwa tarehe 15 Novemba na uliendelea mpaka 26 Februari 1885. Mjerumani Carl Peters alikuwa Usagara, kwenye njia ileile ya misafara, akikusanya alama za watemi kwenye karatasi zake. Madola 14 yalikaa Berlin. Sultani wa Unguja hakualikwa, na jina la Unyanyembe halikuwa na kiti. Mataifa yaliyojiita sawa, yasiyo na mkuu juu yao, yalikubaliana kanuni za kuwa wakuu wa wengine. Nadharia inayosema madola yote yanafanana haina pa kuliweka jambo hilo.

Tabora ilingoja miaka michache zaidi. Mtemi Isike, aliyetawala Unyanyembe tangu miaka ya 1870, alikuwa amewabana Waarabu kuliko Mkasiwa alivyothubutu. Mwaka 1890 Emin Pasha, mjumbe wa Wajerumani, alifika akaweka mapatano na Waarabu na kupandisha bendera ya Kijerumani. Isike alikataa. Wajerumani walimshambulia zaidi ya mara moja bila kumweza, mpaka Januari 1893, jeshi la Tom von Prince lilipovunja ngome yake. Isike akaingia ghala la baruti na kulilipua akiwa ndani. Walimtoa akiwa bado anapumua, wakamnyonga. Tangu siku hiyo njia ikawa na mkubwa.

Katika vyuo vyetu mwanafunzi wa mahusiano ya kimataifa bado huanza na Athens, akapita Westphalia, akamalizia na Washington na Moscow. Sina ugomvi na Athens. Lakini vita vya 1871 vina watawala wengi wasio na mkuu, vina mizani ya nguvu, hofu, kanuni, ukwe, udugu wa damu, na soko la dunia nyuma ya yote, na habari zake ziko katika shajara za wasafiri, katika barua za ubalozi, katika tawasifu ya Kiswahili ya Tippu Tip na katika masimulizi ya koo za Unyamwezi na Ukimbu. Walimu wa somo hili waiweke Unyanyembe kwenye wiki ya kwanza ya muhula, na mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aende Tabora na Urambo kuwasikiliza wazee kabla hawajaondoka.